Petroli ya Shemeji

Madereva wa kijiwe cha teksi walimwita Taratibu, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Aliendesha kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Abiria wenye haraka walimkwepa, wajawazito na wagonjwa walimpenda, naye akayachukua yote kuwa sifa. Ujana wake ulikuwa umeishia kwenye magari ya mabosi, akifungua milango na kuitika "ndiyo mzee" kwa watu aliowazidi umri. Kigari chake cheupe ndicho kitu cha kwanza maishani alichokishika bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikipangusa hata kilipokuwa safi. Mke wake alikuwa akisema kwamba mume wake akizaliwa mara ya pili ataomba azaliwe tairi.

Mke mwenyewe aliuza mafuta kwenye kituo kilichokuwa chini ya mlima, jirani kabisa na kijiwe. Pampu yake ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta, mahali ambapo jua la mchana halikuwa na huruma. Jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, viatu amevishika mkononi. Kituo kilikuwa na petroli ya aina mbili, ya kawaida na ile ya bei, ambayo wote waliiita ya juu. Bosi aliwafundisha wauzaji wake jinsi ya kuiuza. Usimwulize mteja anataka ipi, alisema, mwulize kama analipenda gari lake. Nani atajibu kwamba halipendi? Na atakayewashinda wenzake kwa kuiuza, bosi aliahidi, atatolewa juani aingizwe ndani, apewe kiti nyuma ya kioo, kazi yake iwe kupokea malipo tu.

Basi asubuhi moja Taratibu alipoegesha kwenye pampu ya mke wake, naye akaulizwa. Alicheka mpaka akashika usukani.

"Mama watoto, hilo nalo ni swali? Weka ya juu."

Tangu siku hiyo hakuweka nyingine.

Gari lilikuwa na tatizo ambalo hakulisema kwa watu. Likipanda mlima liligonga, sauti kama ya kokoto kwenye kopo. Fundi wa mtaani, mtu mfupi asiyejua kubembeleza, alilisikia siku moja likipita akamsimamisha palepale barabarani.

"Niachie hilo gari nifungue rejeta, haipoozi maji tena. Na hiyo geji ya joto uliyoiacha imekufa, tuibadilishe. Injini inagonga kwa sababu inachemka."

Taratibu alimwahidi kwamba atalileta. Hakulileta. Aliwaogopa mafundi kuliko alivyoogopa ajali. Fundi, alikuwa akisema, ukimpelekea gari linaloumwa ukucha atakurudishia limekatwa mkono. Isitoshe, gari kukaa gereji ni dereva kukaa njaa. Sasa petroli ya juu ikaingia kwenye tangi, na ajabu, mlio ukapungua, kisha ukakoma kabisa. Mlima ukapandwa kimya.

Hapo mtu akapata la kusema. Kijiweni hapakukalika. Kila aliyefika alielezwa jinsi fundi alivyotaka kumla, na jinsi mke wake, ambaye hakuwahi kushika spana, alivyolitibu gari kwa swali moja tu. Madereva walimtania, lakini utani wenyewe ulikuwa na wivu ndani yake, maana wake zao hawakuwa wametibu kitu. Wakaanza kuiita petroli ya shemeji. Mmoja baada ya mwingine wakahamia pampu ya mwisho. Rafiki yake mkubwa, dereva waliyemwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona upara wake, alikuwa wa kwanza kumfuata. Mke akawashinda wenzake wote kituoni. Sikio la kufa halisikii dawa, na la huyu lilikuwa limejaa sifa.

Gari lilikufa mchana, nusu ya mlima, likiwa na mama mmoja aliyekuwa akipelekwa hospitali. Lilitoa mvuke, likatetemeka, likazima. Yule mama aliteremka akamalizia mlima kwa miguu huku ameshika kiuno, na Taratibu hakuweza hata kumtazama.

Fundi alilifungua. Silinda hedi ilikuwa imepinda, maji yameingia kwenye oili, pistoni zimekwaruzika. Hakumcheka, na hilo lilimtisha Taratibu zaidi.

"Kugonga kule kulikuwa kilio," fundi alisema. "Ile petroli ya juu haina nguvu zaidi ya nyingine. Ina uvumilivu tu, haiwaki kabla ya wakati wake hata injini ikipata moto. Kuna magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Lako halimo. Ulichofanya ni kumziba mtoto mdomo, ukadhani amepona."

"Linatengenezeka?"

"Injini hii? Hapana. Tafuta nyingine."

Pesa ya kutafutia nyingine haikuwapo. Gari likauzwa vipandevipande, milango kwa huyu, viti kwa yule, na mwenyewe akarudi kijiweni na ndoo na kitambaa kuosha magari ya wenzake. Wiki hiyohiyo mke wake aliingizwa ndani akapewa kiti.

Na bado Taratibu alimtetea. Mke wangu alitaka kunisaidia, aliwaambia. Alinipa kilicho bora, hakujua, na mimi pia sikujua. Maneno haya yalimtuliza. Gari lilikuwa limekwenda, lakini alibaki na mtu aliyemtakia mema, na wenzake wangapi wangeweza kusema hivyo?

Siku moja alimpelekea mke wake mwavuli kazini. Kwenye pampu alimkuta mdogo wa mke wake, kijana muuza magodoro, na pikapu yake, akijaziwa petroli ya kawaida.

"Huweki ile ya dada yako?" Taratibu alimtania.

Kijana alishangaa kwelikweli. "Dada alinikataza, shemeji. Tangu mwanzo, tangu walipotoka mafunzoni. Alisema magari yetu haya hayafaidiki nayo, nitakuwa nachoma hela bure." Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaanza kukagua magodoro yake ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Taratibu aliuacha mwavuli hapohapo, umeegemea pampu.

Mke aliporudi alijifanya hana haraka. Alikaa akaanza kuchambua mchele. Mdogo wake alikuwa ameshamwambia.

"Mdogo wako ulimkataza," Taratibu alisema. "Mimi je?"

"Mdogo wangu anakuja akikumbuka. Wewe ulikuja kila siku, baba watoto, na ulinileta kijiwe kizima. Ningelipataje kiti bila wewe?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua haina faida. Walituambia pia haina madhara. Nikasema ni hasara ndogo, nitaifidia nikikaa ndani. Habari za rejeta sikuzijua mimi. Fundi alikwambia wewe, nawe hukunieleza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma. Alimchukia mke wake wakati ule, akamchukia na mchele wake na utulivu wake.

"Ungeniambia ukweli. Ungeniomba."

Mke aliweka ungo chini.

"Nilikuomba umwone bosi wako wa zamani, anitafutie kazi ya kukaa. Ukasema utamwona. Nikakuonyesha miguu. Ukaniambia ninunue malapa, halafu ukatoka kwenda kulipangusa gari."

Taratibu alikumbuka malapa. Alikuwa ameyasema akiwa na kitambaa mkononi, wala hakugeuka. Waliishi siku zilizofuata kama wapangaji wawili wanaosubiriana kutumia mlango.

Ndipo Kofia alipomwendea kijiweni, saa ambayo madereva wote walikuwapo wakisubiri abiria.

"Gari langu lilikuwa linagonga mlimani," Kofia alisema. "Tangu nishike petroli ya shemeji limenyamaza. Sasa fundi ananisumbua nimwachie alifungue, na hawa jamaa wananijaza maneno, eti wewe uliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisi tumetoka mbali. Niambie mwenyewe. Ilikusaidia, haikukusaidia?"

Hata aliyekuwa akila muwa aliacha kutafuna. Taratibu alisimama na kitambaa kinachochuruzika maji, akijua kabisa la kusema. Maneno machache tu yangetosha: mpelekee fundi leo. Lakini lazima angeulizwa kwa nini, na akisema kwa nini, kabla ya jua kuzama kijiwe kizima kingejua kwamba mke wake alimjua kuwa mjinga na akamtumia hivyohivyo, asubuhi baada ya asubuhi, huku yeye akimsifu. Alijiona akiosha magari yao huku wakicheka ndani. Umaskini alikuwa ameuzoea. Kicheko hiki asingekiweza.

"Ilinisaidia," alisema. "Langu lilikuwa limezeeka tu. Wewe endelea nayo."

Kofia akapumua. "Si niliwaambia? Shemeji hawezi kufanya hivyo."

Alimpata abiria, mzee na mizigo yake, akawasha gari. Taratibu aliinamisha kichwa juu ya ndoo na kusikiliza. Gari la Kofia lilishika mlima, likakunja kona ya kwanza, likakunja na ya pili, halikugonga hata kidogo.