Usingizi wa Benchi la Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja hapa Voi, mwanangu, na huwa naikumbuka zaidi siku kama ya leo, mwili umechoka na vidole havitaki kukunjika.

Unazijua zile nyimbo za asubuhi kanisani pale mjini. Piano inapigwa nyimbo tatu tu, mfuniko unafungwa, watu wanakwenda kazini. Ni hivyo tangu zamani, wala si uvivu. Jua la Voi likishapasha mabati, mbao za piano hukauka na kusinyaa, na noti zinaanza kwenda kombo, hata uiwekee bakuli la maji ndani. Utaratibu huo aliuweka Mwalimu Mwakio, mzee aliyestaafu ualimu kule Wundanyi akashuka huku kwa mwanawe. Ndiye aliyenifundisha.

Basi nilikuwa msichana, na nilikuwa nimehangaika wiki nzima na wimbo mmoja mgumu. Mcheza kwao hutuzwa, nami nilitaka kutuzwa. Nikaanza kupiga. Benchi la nyuma, mama mmoja amelala mdomo wazi, anakoroma. Nikipiga, anakoroma. Nikikaza, anakoroma. Hasira zikanipanda. Nikashusha mikono yote miwili kwenye noti nzito za chini, makusudi kabisa, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Yule mama akaruka. "Sista! Mtoto amezidiwa?"

Alidhani yuko wodini na muuguzi amemwita. Kumbe mwanawe amelazwa hospitali pale karibu, amekesha naye siku kadhaa, na sisi tulikuwa mahali pake pa kuketi kidogo. Leso ilimwanguka, akainama kuiokota. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwalimu hakunigombeza mbele za watu. Alimwendea taratibu, akamwambia, "Hapana, mama, ni sisi tu. Lala." Akamfunika koti lake. Kisha akaja kuketi kando yangu, akaninong'oneza, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Haya, piga."

"Nipige wimbo gani, mwalimu?"

"Wowote ambao hautamwamsha."

Nikapiga polepole. Nyimbo tatu zikaisha, akaniashiria niendelee. Watu wakaondoka, mabati yakaanza kulia kwa joto, noti zikaharibika moja baada ya nyingine, aibu tupu, na mama yule akalala mpaka alipoamka mwenyewe. Alikunja koti vizuri, akaja kunishika mkono. "Asante, binti," akasema. "Sasa naweza kurudi kwa mtoto."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Leo mzee ni mimi. Wakesho, mwanafunzi wangu na mjukuu wa jirani yangu, ndiye anayepiga siku nyingi kabla ya kwenda kazini kwake duka la dawa. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu vilivyowahi kuwa. Lakini nilikuwa na hofu naye, nikwambie ukweli. Anapenda sifa, anapenda kurekodiwa kwa simu. Mkono anao, nikajiuliza, je, huruma? Maana mkono unafundishika. Hiyo nyingine sikujua nianzie wapi, na nguvu za kufundisha zimeniishia. Nilimsimulia habari za yule mama, akacheka tu. Nikakata tamaa kidogo.

Juzi magoti yalininyima usingizi usiku kucha. Asubuhi nikajikokota hadi kanisani, nikaketi benchi la nyuma. Wimbo wa kwanza niliusikia. Nilipofumbua macho, nimefunikwa sweta isiyo yangu, kanisa tupu, mabati yanalia, na Wakesho bado anapiga, polepole, noti karibu zote zimekwenda kombo.

Machozi yalinitoka. "Wewe, si umechelewa kazini?"

"Lala tu, nyanya," akasema bila kugeuka. "Sijamaliza."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiipime kazi yako kwa makofi. Wengi wanaokujia wamechoka, na hawakuambii. Wape mahali pa kupumzika, hata kama siku hiyo hakuna atakayekusifu. Na wewe utachoka, usijidanganye. Ukichoka, usione haya kulala mbele ya uliowafundisha.

Mungu akujalie mikono myepesi. Na siku itakapokulemea, akupe mtu wa kukupigia polepole.