Siku Niliyojifanya Baba Neema

Nimechoka kuisikia hadithi hii ikisimuliwa vibaya na majirani hapa Kariobangi, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe: ndiyo, mimi ndiye yule kijana aliyejifanya baba wa mtoto asiye wake mbele ya wazazi wote wa Gredi ya Nne.

Mtoto ni Neema, binti ya kaka yangu Barasa. Mamake yuko Uarabuni kwa kazi, Barasa anamlea peke yake, na mwaka jana daktari alimwambia Barasa kwamba yeye mwenyewe, si mtoto, ana usonji, habari iliyomtuliza yeye na kutuchanganya sisi. Yeye hutengeneza masanduku ya bati, kutwa nzima nyundo, na nyundo haimsumbui (anaishika mwenyewe, anajua itagonga lini), lakini spika ya mikutano ya shule ilishamtoa mbio mara mbili, watu wakasema ana madharau. Basi mwalimu mpya wa darasa akaandika barua: mzazi akikosa kikao cha Jumanne, atampigia simu nyanyake Neema kule Bungoma, na nyanya amekuwa akingoja sababu tu ya kuja kumchukua huyo mtoto.

Mimi na huruma yangu isiyo na breki, nikihofia spika itamkimbiza tena, nikaamua kusaidia. Nikamdanganya Barasa kwamba kikao kimesongezwa hadi Jumatano, nikavaa shati lake la kanisani, nikaenda, nikaandika jina lake kwenye daftari la wazazi na kuketi nyuma kabisa nikipanga kutoka mapema. Shida ni kwamba ndoto yangu ni kuwa mtangazaji wa redio. Mwalimu alipoomba mtu wa kutoa shukrani kwa niaba ya wazazi, mkono ulijiinua wenyewe, nikapewa maikrofoni, nikaongea mpaka nikasahau mimi si mzazi, watu wakapiga makofi, na kabla sijaketi nikawa nimechaguliwa mwakilishi wa darasa.

Hapo mwalimu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona Neema hali githeri ya shule, yale mahindi na maharagwe, hata akibembelezwa.

"Anadeka tu, madam," nikasema kwenye spika. "Mwacheni na njaa siku mbili, atazoea."

"Hapana," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Barasa, aproni ya kazi kiunoni, viganja masikioni. (Kila jambo yeye hulihakikisha mara mbili, kwa hivyo alikuwa amepiga simu shuleni kuuliza kama kweli ni Jumatano.)

"Maharagwe yakigusana na mahindi anatapika," akasema. "Mkimtengea kila kimoja kando, atakula yote. Baba Neema ni mimi. Huyo ni ndugu yangu mdogo, hana mtoto."

Mama mmoja akauliza kwa hivyo tumemchagua nani, na chumba kizima kikaangua kicheko, mimi nimesimama na maikrofoni inayopiga mluzi, nikitafuta swichi nisiione, mpaka mwalimu akaja kuninyang'anya kama mtoto wa chekechea.

Ofisini nilikiri yote. Mwalimu hata hakunitazama, alimuuliza Barasa kwa nini hukimbia mikutano, naye akajibu kwamba spika inamuuma kama jino, lakini akiandikiwa mambo kwenye karatasi, au akija Ijumaa watoto wakishatoka, atajibu kila swali. Mwalimu akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. (Hata mimi sikuwa najua. Sikuwahi kuuliza.) Simu ya Bungoma haikupigwa.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza kwa sauti ndogo, sasa unataka nikusaidie aje? Nilijua atasema nimpotelee. Akahesabu siku za wiki kwa vidole mpaka tukakaribia ploti anakopanga.

"Alhamisi wateja ni wengi, nafika nyumbani kichwa kimejaa," akasema. "Uwe unakuja kumfulia Neema sare. Usiongee."

Basi kila Alhamisi niko kwenye karai na soksi nyeupe, mdomo nimeufunga, na jamani, naapa sitamsemea mtu tena kabla sijamuuliza, ila hizo saa mbili za kunyamaza zinanichosha kuliko sare zenyewe.