"Ka" ya Bibi

Juzi nilikuwa naongea na dada kwa simu, mtandao ukawa unakatakata. Kila neno lake lililokatika nikalimalizia mwenyewe kichwani, bila hata kujijua, mpaka akakasirika: "Mbona unajibu nisichokisema?" Nikacheka, lakini mawazo yalikuwa yamesharudi Ilemela, kwenye nyumba yetu juu ya mawe, likizo ile bibi alipopatwa na kiharusi.

Ulimi wake ulikuwa mzito. Neno lilianza, kisha likamfia mdomoni. Mama alishinda sokoni Mkuyuni, hivyo nikaachwa mimi, binti mdogo, niwe masikio ya bibi. Akisema "ma" asubuhi, ni maji. "Ma" ya jioni ni mashuka, yaanuliwe kwenye kamba. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimelelewa na maneno yake, nikajua lipi hufuata lipi.

Lakini "ka" ndiyo iliyonifunga. Aliisema kutwa, mkono wake mzima ukionyesha nje, kwenye dagaa walioanikwa juu ya jabali. Ningewaza nini kingine? Alipokuwa mzima aliniambia kila siku, "Kaa hapo, kunguru wasile dagaa." Basi nilikaa mlangoni, macho kwenye dagaa. Chumba kimejaa harufu ya dagaa na moshi wa mkaa, na chini ziwani nawasikia wenzangu wakijirusha majini, wakiitana. Nikiinuka kidogo ninyooshe mguu uliokufa ganzi, bibi anaanza: "Ka! Ka!" Nakaa tena. Yeye analia, mimi nalia. Mama akirudi ananiambia, "Anakutaka karibu. Kaa naye." Kuna siku nilitamani bibi anyamaze kabisa.

Kisha chumba cha nyuma kikapata mpangaji, fundi cherehani kutoka Ukerewe. Huyu hakuwahi kumsikia bibi akiwa mzima. Alikuja kuomba kaa la moto, akamwamkia bibi, akasimama kusikiliza. Akanigeukia.

"We mtoto, bibi anakwambia kacheze, mbona umekaa tu?"

Nikamtazama bibi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, tena na tena, machozi yakimtiririka upande mmoja wa uso.

Nilitoka mbio, hata kandambili sikuvaa. Niliporudi nywele zikichuruzika maji, alinipapasa kichwani akacheka kwa nusu ya mdomo. Tangu hapo sikulimalizia neno lake kabla ya kumtazama machoni kwanza, na yeye akajifunza kunisubiri. Tukawa na lugha yetu ya vipande, hata mama hakuiweza.

Bibi hakuifikia likizo iliyofuata. Yale mawe yamepasuliwa kokoto, na ukuta wa jirani umeziba ziwa lote. Hayo nimeyazoea. Ila ile lugha ya watu wawili bado ninayo, kila kipande, kila pumzi yake, na duniani hakuna aliyebaki wa kunisemesha.