Siku Niliyokataa Kubeba Chakula

Baba yetu alikuwa mtu wa kushukuru kupita kiasi, na shukrani zake ndizo zilizotuponza. Nasema hivi bila kumkosea adabu. Amelala mbali na kwao, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Tulitoka Urundi, ng'ambo ya ziwa, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa ameandikwa kazi ya dhahabu upande wa Kabambare, huko Kongo, wakati Wabelgiji walipokuwa wakikusanya wafanyakazi kila mahali. Mama alifia kambini, akazikwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na mkataba ulipokwisha Baba alikataa kurudi. Alisema hawezi kumwacha mtu peke yake katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa hajaimaliza kujifunza. Akaenda kwa mzee wa kijiji kimoja kwenye njia ya Wamaza, akaomba mahali pa kujenga, akapewa. Tulikuwa watatu: Baba, dada yangu ambaye tayari alikuwa msichana mkubwa, na mimi mwenye miaka kama kumi na kichwa kigumu.

Dada alitaka kuwa sista. Hakuna aliyemfundisha kutaka hivyo, na kijijini wengi walidhani ni ugonjwa wa wageni. Masista wa Kasongo walikuwa wakipita kila kiangazi kutazama watoto wachanga na kufundisha kina mama, na Dada aliwatekea maji, akawaoshea vyombo, akarudi nyumbani amenyamaza. Siku moja tulipokuwa tukimenya karanga nilimuuliza amejuaje kwamba Mungu anamtaka yeye, maana mimi nilikuwa kando yake wakati wote na sikusikia kitu.

"Inakuwa kama mutu iko ng'ambo ya shamba, ananiita," alisema. "Hapazi sauti. Anaita kama mutu anajua nitakuja tu."

"Na anakuita kwa Kirundi ao kwa Kiswahili?"

Alicheka mpaka karanga zikamwagika mapajani. Lakini sikuyasahau maneno yale, na baadaye niliyatumia vibaya, kama mtakavyoona.

Padri wa misheni alipopita aliandika jina la Dada kitabuni. Ilikubaliwa kwamba mpunga ukishavunwa, lori la misheni litamchukua hadi Kasongo akaanze majaribio pamoja na wasichana wengine. Baba alimnunulia blanketi ya kijivu yenye mistari miwili myekundu, nene kuliko tuliyojifunika sisi wote. Alikuwa akiitoa sandukuni, anaitazama, anairudisha. Alihuzunika na alishukuru, vyote kwa pamoja, ndivyo alivyokuwa.

Sasa nieleze habari za kijana mmoja. Alikuwa mwana wa jirani, mtu mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache. Asubuhi moja tulimkuta kwenye mpaka wa shamba letu na jembe lake, analima. Baba akamsalimu, akaitikiwa, na kijana akaendelea kulima. Kesho yake tena. Kiangazi kile alitusafishia kipande chote cha mpunga, na kiangazi kilichofuata akakata miti na majani, akaanza kutuezekea nyumba upya. Baba alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Watu wa hapa wana moyo. Kwetu, mgeni angefanyiwa hivi na nani?" Kisha ananituma nipeleke chakula.

Hakuna aliyetueleza kitu. Siwalaumu, maana nani angefikiri kwamba mtu mzima mwenye mvi hajui jambo linalojulikana na watoto? Katika nchi ile, kijana akitaka msichana hafungui kinywa. Anakwenda kulimia baba yake. Baba asipomfukuza, baba amekubali. Na siku msichana mwenyewe atakapombebea chakula, akakitua mbele yake kwa mikono yake, basi na yeye amekubali. Chakula kilichopelekwa na mtoto ni chakula tu. Viangazi viwili mfululizo mpelekaji nilikuwa mimi, na kijana alikula, akashukuru, akaendelea kungoja.

Siku ya kumaliza paa, Dada alikuwa amepika ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese mengi, akanipa sahani. Mimi nilikuwa nacheza mchezo wa vijiwe na wasichana wa jirani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nashinda. Nilisema siwezi kutembea, nina funza mguuni. Nilisema kwa uso wa kilio kabisa. Dada akatua sahani, akachomoa pini kwenye kanga yake, akakaa chini, akaweka mguu wangu mapajani. Alitafuta kidole kimoja kimoja. Aliugeuza mguu juani, akafuta vumbi kwa kidole chake chenye mate, akatazama tena.

"Nimemutoa," akasema. "Pumuzika."

Hapakuwa na funza. Nilirudi kwenye vijiwe vyangu kabla hajafika kwenye kona, na yeye akajitwika chakula kichwani akaenda nacho. Kijana alikuwa ng'ambo ile ya uwanja, chini ya paa jipya, na wanawake waliokuwa wakitwanga walimwona Dada akipiga magoti na kutua sahani mbele yake. Mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakaitikia. Sisi tulidhani wanasifu paa. Baba, maskini, alipiga makofi.

Siku chache baadaye wazee walikuja na mbuzi na vibuyu vya mawese, wamevaa nguo zao za kwenda kwa watu. Baba aliwakaribisha kwa furaha, akauliza kuna nini. Walipomwambia, alicheka kwanza, akidhani wanamtania.

"Hapana, binti yangu anaenda kwa masista," akasema. "Padri ameandika jina lake."

Nakumbuka jinsi walivyotazamana. Kijana alikuwa amesimama nyuma yao. Sikupata kuona mtu akiaibika vile. Miaka miwili alikuwa amelima mbele ya kijiji kizima, na sasa mgeni aliyelimiwa anasema hakujua. Ningependa kumchukia mtu yule. Ingenirahisishia mengi. Lakini hakuwa na kosa, na hilo linaniudhi hadi leo.

Maneno yalipelekwa barazani kwa chifu. Padri naye alikuja, akasema waziwazi kwamba msichana asiyetaka hawezi kulazimishwa, na kwamba yuko tayari kumpeleka Kasongo siku ileile. Wazee hawakubisha. Walisema tu kwamba kijana hawezi kuachwa mikono mitupu, na kwamba mtu anayekula jasho la jirani kisha akakana, itakuwa vigumu kukaa naye kijiji kimoja. Kisha mmoja wao, mzee mwenye huruma kabisa, akatafuta njia ya kumwokoa kila mtu.

"Mutoto mudogo iko," akasema. "Mukubwa aende kwa Mungu wake. Kijana anaweza kumungoja huyu."

Wote walinigeukia. Nilikuwa nimekaa chini karibu na mguu wa Baba. Nilimwona anafikiri. Alikuwa amechoka, kaburi la mkewe liko nchi hii, hana pengine pa kwenda. Kama wangemngoja kidogo angekubali.

Dada alisimama. Msichana hasimami barazani bila kuitwa, lakini alisimama.

"Mutoto haimo mu maneno haya," alisema. "Chakula nilipeleka mimi. Nitaolewa mimi."

Padri alimuuliza mara tatu kama ni kwa hiari yake. Mara tatu alisema ndiyo. Alimtazama padri usoni, hakunitazama mimi. Na mimi niliyekuwa na mdomo mrefu nyumbani, niliyejua kwa nini chakula kilibebwa na mikono ile, nilifunga mdomo. Ningesema neno moja tu: nilidanganya, alikwenda kwa ajili yangu. Labda wazee wangelipima upya. Labda wasingelipima. Niliogopa kuozwa, na niliogopa kuchapwa, na sijui hofu ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Walifunga ndoa kanisani, kijana akiwa amekubali kubatizwa. Lori la misheni lilipita wiki ile na wasichana wengine wawili. Dada alikuwa anapepeta mpunga. Alinyoosha mgongo, akaliangalia mpaka vumbi likatua, akaendelea kupepeta.

Nilipokuwa mkubwa, ni yeye aliyesema niende kwa masista. "Enda wewe," aliniambia, na akanitolea ile blanketi. Alikuwa hajawahi kujifunika nayo. Ndani ya mikunjo ilikuwa bado inanuka sanduku la Baba. Nilikubali mara moja. Nilifikiri nitalifuta kosa langu kwa kukaa mahali pake, na Mungu, akiwa na shughuli nyingi, hatatazama sana ni nani kati yetu aliyekuja.

Kasongo ilikuwa mji wa kusikiliza. Alfajiri adhana ilitangulia kutoka mitaa ya Waislamu, kisha kengele yetu. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja, na wengi wetu tulikuwa wa kuja: wengine watoto wa wafanyakazi wa migodini, wengine wa askari, na mmoja hakujua hata mto waliouvuka wazazi wake. Mlezi wetu, sista Mzungu tuliyemwita Mama Mkubwa, alituita mmoja mmoja kila mwezi na kuuliza swali lilelile kwa Kiswahili chake cha kupima maneno: umesikia nini?

Mimi nilimwambia kuhusu mtu aliye ng'ambo ya shamba. Nilimwambia hapazi sauti, anaita kama mtu anayejua nitakuja tu. Macho ya Mama Mkubwa yalilowa. Mwezi uliofuata nilimpa kipande kingine cha maneno ya Dada, na mwingine tena. Niliishi mwaka mzima kwa maneno ya Dada. Kikanisani nilipiga magoti, nikafumba macho, nikasikiliza kwa bidii, nikasikia mbuzi wa jirani. Sifanyi mzaha. Niliomba mpaka magoti yakavimba, na sikusikia kitu.

Siku zilipokaribia za kuvikwa kitambaa cha kichwani cha masista, Mama Mkubwa aliniuliza yule anayeniita ananiambia nini sasa. Dada hakuwahi kuniambia hilo. Alikuwa ameolewa kabla hajafika huko. Nilikaa mbele ya meza yake nimeishiwa, kisha nikalia, nikamweleza yote isipokuwa habari za mguu. Hakunikaripia. Alisema Mungu hamwiti mtu badala ya mwingine, na kwamba nitarudi nyumbani na lori likipatikana.

Lori halikupatikana upesi, na ujumbe niliotuma kwamba sivikwi haukufika Wamaza kwa wakati. Dada alikuwa ameshatoka. Alikuja kuniona nikivikwa. Alitembea siku nne na mtoto mgongoni na kibuyu cha mawese kichwani, zawadi ya masista. Nilipoitwa mlangoni nilitoka na kanga yangu ya nyumbani, kichwa wazi, naye akanitazama kuanzia juu mpaka chini na akaelewa. Alitua kibuyu, akamwomba Mama Mkubwa ruhusa moja tu, aone mahali tunapolala.

Aliruhusiwa. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda kumi na kimoja, madirisha yakiwa wazi. Nilimwonyesha changu. Alinipa mtoto, akanyoosha blanketi ya kijivu kwa kiganja ingawa ilikuwa imenyooka, kisha akakaa ukingoni, taratibu, akafumba macho. Nilisimama na mtoto wake mikononi. Nje wenzangu walikuwa wakichota maji. Alikaa pale muda mrefu, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya karanga, na nikajua kwamba yule wa ng'ambo ya shamba hakuwahi kuacha kumwita.

"Dada," nilisema, "siku ile sikuwa na funza."

Hakufumbua macho. "Najua. Ni mimi nilikutazama muguu."

"Mbona ulisema umemtoa?"

"Ulikuwa mutoto. Ulitaka kucheza."

Mtoto akaanza kulia. Dada akainuka, akampokea, akamfunga mgongoni. Kisha akaitoa blanketi yake kitandani, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaniwekea mikononi niibebe. Nikaibeba mpaka Wamaza.