Nyumba ya Nguzo Niliyoiona Mimi Kwanza

Aliyenichukulia ile nyumba ya mtaa wa Umbilo, hapa Durban, ni kiongozi wa kwaya yetu. Jina siliandiki, kanisa zima linamjua. Tulitoka Bukavu pamoja, tukalala hema moja kambini, na viatu alivyoingia navyo Durban vilikuwa vyangu.

Nyumba niliiona mimi kwanza. Mzungu fulani wa zamani aliijenga kwa kufuata nyumba za mababu zake wa Ulaya: nguzo nene nyeusi, boriti juu, miti ya mshazari, na katikati ukuta mweupe wa kujaza tu. Wengine waliona uchakavu. Mimi niliona nyumba ya bibi yangu, ile ya miti na udongo. Ukuta pale haubebi kitu. Unabomoa, unaweka kioo, nyumba inabaki imesimama. Niligonga kila nguzo kwa mpini wa nyundo, zote zikaitika vizuri. Msumari hakuna, zimeshikwa kwa vigingi vya mbao. Nikajiona tayari: mbele vitanda na makabati yangu, nyuma karakana.

Lakini shule niliishia darasa la tatu, Kiingereza changu ni cha kupandia taxi. Nikamwomba yeye aje aseme na mwenye nyumba. Njiani nikamweleza yote, kuta, kioo, yote. Waliongea, wakacheka, wakapeana mikono. Akanigeukia: "Eish, kaka, pole. Iko na mtu tayari."

Mtu mwenyewe alikuwa yeye. Mwezi haukuisha, kibao cha saluni kikawa mlangoni.

Halafu akanipigia simu, bila haya. Nikaenda, sijui kwa nini.

"Kaka, vijana wanataka kukata huu mti uliolala dirishani, unaziba kioo. Wewe ndiye fundi. Unasemaje?"

Mti ule wa mshazari ndio unaozuia nyumba isiyumbe. Ukikatwa, nyumba haianguki siku hiyo, inainama polepole, mvua hadi mvua. Neno "kata" lilikuwa mdomoni kabisa. Mke wake akaniletea chai. Vioo vilikuwa vipya, viti vipya, na wivu uliniwasha kama upupu.

"Sema, kaka. Ama na wewe haujui?"

"Usiukate," nikasema. "Nyumba italala."

Si kwa kumpenda. Kuna fundi aliyechonga kiungo cha mti ule na nguzo, hata wembe haupiti, nikashindwa kuiua kazi yake.

Siku ya kufungua, mchungaji aliomba, kisha yeye akaushika ule mti mbele ya watu. "Vijana walitaka kuukata, lakini Mungu akanifunulia." Wote wakasema amina. Mke wake alinitazama, akainamisha macho. Mimi nilitoka kabla ya chakula.

Vitanda vyangu nauzia kando ya barabara, Overport, nikivifunika nailoni mvua ikija. Hapo ndipo ninapoiwaza ile saluni. Najua haitaanguka, na hilo ndilo linaloniuma.