Betri ya Keroka

Simu yangu ilianza kuvimba mgongo majuma yale yale ambayo ndugu yangu alikubali, hatimaye, kuongea na Mama. Ukiilaza mezani ilibembea. Katika ofisi ya wakili ninakochapa hati, mjini Kisii, wenzangu walinisihi niiweke dirishani, ikilipuka iwalipukie wapita njia. Kwa kawaida mimi hasira ziko karibu, lakini hapo sikubisha. Betri ilikuwa imezeeka, nami nilitaka simu nzima kabla ya Ijumaa.

Sababu ni hii. Baba alipofariki, ndugu yangu, mwana pekee wa kiume nyumbani kwetu, alikuwa Marekani akilea wazee wa watu wengine kwa mshahara. Karatasi zake zilikuwa za aina ile ya kwamba ukitoka huwezi kurudi. Kwetu mwana ndiye anayetupa udongo kaburini kabla ya wengine. Yeye alimzika Baba kwa video, na mimi ndimi niliyemshikia simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni ile Mama akamwambia, "Mzazi hazikwi kwa simu." Akajibu. Mama akajibu kabla jibu halijaisha. Hawa wawili wana ugonjwa mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzake amalize kusema. Walipandiana maneno hadi simu ikakatwa, na mpaka leo kila mmoja anaapa ni mwenzake aliyekata.

Tangu hapo salamu zilipitia kwangu. "Mwambie mama yako anywe dawa," ndugu yangu aliniambia, kana kwamba yeye alizaliwa na mtu mwingine. "Mwambie ndugu yako mimi si mgonjwa," Mama alinijibu. Nikawa posta isiyolipwa. Nilibembeleza pande zote mbili mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe, kisha siku moja yeye akasema sawa, atapiga Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wakati wa mapumziko yake kazini, lakini anataka kumwona uso. Mama naye akasema sawa, lakini na yeye anataka kuuona wa kwake. Kitochi cha Mama, simu ndogo ya vibonyezo, kinaonyesha saa na tochi tu. Kwa hiyo amani ya nyumba yetu yote ikawekwa juu ya simu yangu iliyovimba mgongo.

Nilishauriwa niende lile duka la mjini lenye vioo na vijana waliovaa tai, waniagizie betri halisi kutoka Nairobi. Lakini mimi ni mjuaji. Nikiwa njiani kwenda nyumbani, huko kwenye majani chai karibu na Itumbe, nilishuka Keroka kwa fundi mmoja mwenye meza chini ya mwavuli, kati ya muuza viazi na muuza mitumba. Alikuwa na betri zimepangwa vizuri kama sabuni.

"Hii ni original?" nikamuuliza.

"Madam, hii ni original kabisa. Original namba mbili."

"Na namba moja iko wapi?"

"Namba moja ndio hiyo yako imefura."

Nikamkabidhi. Aliipasha simu moto kwa mashine ya kukausha nywele, akaifungua mgongo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, akatoa betri ya zamani na kuisikitikia, akaweka mpya. Ikawaka. Mgongo ulikuwa bapa tena. Nilimshukuru mpaka akaona aibu, kisha nikaondoka nikiwacheka moyoni wale vijana wa tai.

Kicheko hakikufika nyumbani. Simu ilitoa maandishi ya kunijulisha kwamba ndani yake mna kitu isichokitambua. Haya ni mambo ninayoyajua tangu utotoni. Mgeni akiingia kwetu, hata kabla ya chai, ataulizwa ni wa wapi, ni wa nyumba ya nani, na nyanya yake aliolewa kutoka ukoo gani. Asipojieleza atapewa kiti, lakini hakuna atakayezungumza mbele yake. Simu yangu ilikuwa imempa mgeni kiti, ikanyamaza.

Ukiandika neno, herufi zilikuja moja moja, kwa hiari yao. Kengele ya asubuhi ililia nikiwa nimeshaoga. Ofisini nilimpiga picha mwenzetu akikata keki ya siku ya kuzaliwa, na picha ikatoka ya watu wakifuta midomo. Sabato moja kanisani nilitafuta wimbo kwenye mwanga hafifu, nikabonyeza tochi, haikuwaka, nikairudisha simu mkobani. Iliwaka katikati ya maombi. Mkoba wangu ulimulika benchi nzima, na mama mmoja aliyekuwa amefumba macho akasema "Amina" kwa sauti ya juu zaidi.

Nilirudi Keroka nikiwa nimeyapanga matusi yangu kwa utaratibu.

"Simu imekuwa nzito kama nini! Umeiwekea mawe ya machimbo ya Tabaka?"

Fundi aliishika, akaigusa, akaisubiri kwa adabu. "Madam, si hata inafanya? Inataka tu kuzoea. Na wewe usiifinye finye. Haraka haraka haina baraka."

Muuza viazi alicheka. Ningeweza kumrushia kiazi chake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa vijana wa tai, kichwa chini. Mmoja alinieleza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kicheko cha Keroka. Alisema simu haiiamini betri hiyo, kwa hiyo imejipunguzia kasi ili isizimike ghafla. Hata ile asilimia inayoonyesha ni ya kubahatisha tu. Betri halisi ingeagizwa, lakini isingefika kabla ya Ijumaa. "Iweke kwa chaji ukiitumia, Madam. Itajikaza kidogo." Nilitaka kulia mbele ya vioo vyote vile. Ndugu yangu alikuwa amechukua muda mrefu kusema sawa. Nikimwambia asubiri wiki nyingine, nilijua jibu lake: basi, achana nayo.

Ijumaa nilifika kwa Mama mapema. Mama ni Msabato wa wale wa zamani. Siku hiyo alikuwa amekwisha pika chinsaga, mboga chungu za kwetu, na ugali wa wimbi, amefagia ua, amevaa leso safi. Mambo anayonena Mama nayaandika kwa Kiswahili, lakini yeye hunena Kigusii, na Kigusii chake hakina breki. Nyumbani kwake Sabato haiingii kwa saa ya ukutani. Inaingia jua linapozama, na anayeamua kwamba limezama ni yeye, amesimama mlangoni. Likishazama simu zote huzimwa na kutiwa kwenye kikapu juu ya kabati, na hazitoki humo mpaka jua la kesho yake nalo lizame. Gavana mwenyewe akija na simu yake itaingia kikapuni.

Nilichomeka chaja, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Tulisubiri. Ndugu yangu akachelewa. Baadaye tulikuja kujua kuwa mzee mmoja wa huko alikataa kuvalishwa soksi na mtu mwingine yeyote. Jua likaanza kushuka upande wa pili wa bonde. Mama alikaa, akasimama mlangoni, akakaa tena. "Amebadili nia," akasema. "Ni wa baba yake yule."

Kisha simu ikalia. Uso wa ndugu yangu ukatokea mdogo kwenye pembe, na kile kitufe cha kijani cha kupokelea. Nikakigusa. Nikakigusa tena. Nikakipangusa kwa nguo, nikakibembeleza, nikakitukana. Simu iliendelea kulia kwa furaha hadi ikanyamaza, na baada ya kunyamaza ndipo kitufe kilipobonyea.

Nikageuka kumwambia Mama atapiga tena. Alikuwa mlangoni, na ua ulikuwa umeingia kivuli.

"Limezama," akasema. "Zima."

"Mama, kidogo tu."

"Nimesema zima. Mungu hangoji betri."

Niliikasirikia dunia yote. Nilimkasirikia fundi wa Keroka, wazee wa Marekani, na Mama, ambaye amekuwa akimlilia mwanawe kila usiku ninaolala kwake, akidhani ukuta wa mabati haupitishi sauti. Machozi yalinitoka nami sikuyaficha. Nikachomoa chaja na kumnyooshea simu aitie mwenyewe kikapuni.

Hakuipokea. Alikuwa ametazama juu, kwenye mlima nyuma ya nyumba, pale chai yetu inapoishia. Bonde lote lilikuwa kivulini, lakini mistari ya juu kabisa ya majani chai bado ilikuwa na jua.

"Kule juu," Mama akasema polepole, "bado ni Ijumaa."

Sijawahi kumsikia akisema jambo kama hilo. Alichukua fimbo yake. Magoti ya Mama hukataa hata ngazi za kanisa, lakini jioni ile yalipanda kati ya michai, mimi nyuma nikimsukuma kwa bega na kumtumia ndugu yangu ujumbe wa kumsihi apige. Kivuli kilitufuata nyuma, tukawa tunakimbizwa na Sabato yenyewe. Tulipofika juu, juani, Mama aliketi chini akihema. Simu ikalia. Safari hii nilibonyeza mara moja tu, nikatoa mkono, nikangoja. Ikafunguka.

Picha iliganda mara moja. Ndugu yangu alikuwa mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Umekonda," Mama akamwambia.

Mama alifungua kinywa kuongeza, nikamzuia, "Neno lako halijafika." Tukangoja. Ndipo sauti ikaja, imechelewa: "Mama. Nawe umekonda."

Ikawa hivyo. Mama alisema neno lake, kisha akalazimika kulisubiri liende Marekani na kurudi. Ndugu yangu alianza kujitetea kuhusu karatasi zake, na Mama, akidhani simu imekwama, hakumkatiza. Naye, akidhani Mama anamsikiliza, aliendelea. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuimaliza habari yake mbele ya Mama. Alisema siku ya mazishi alikuwa kazini, amejifungia chooni, na jeneza liliposhuka aliokota udongo kutoka kwenye chungu cha maua kilichokuwa dirishani humo, akaurusha ndani ya sinki.

Mama hakusema kitu. Niliitazama simu, nikidhani ni yenyewe iliyokwama. Haikuwa simu.

"Tata," akasema mwishowe. Tata ni baba, na ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mwanawe akimpenda. "Tata, udongo ni udongo. Ulimzika."

Tulingoja jibu. Simu ilisema ina asilimia arobaini, kisha ikasema mbili, kisha ikawa nyeusi. Mama aliinua uso akaona jua limeiacha hata chai ya juu. "Sabato imeingia," akasema, akanipa mkono nimwinue. Tulishuka gizani akiimba.

Ndugu yangu alituma simu mpya mkononi mwa mtu aliyekuwa akija likizo, maalumu kwa Mama. Ni simu nzuri, nyepesi, ukiigusa inakutii kabla hujamaliza kuamua. Ijumaa ya kwanza walisalimiana. Ya pili wakabishana kuhusu mabati ya jikoni, wote wawili kwa wakati mmoja, mpaka mmoja akakata. Mimi sikuuliza nani.

Mama akanipigia kwa kitochi.

"Ile simu yako ya Keroka," akasema, "umeitupa?"

"Sijaitupa, Mama."

"Ijumaa uje nayo."

Betri halisi niliyoiagiza kutoka Nairobi iko ofisini, kwenye droo yangu. Sijaitoa kwenye boksi.