Jina la Kabula Nililiacha Mimi, Lawama Akabeba Baba Yake

Ujumbe huu umetoka kwa mfuatiliaji wetu wa mkoani Rukwa. Majina yamebadilishwa. Msomeni hadi mwisho, kisha mumjibu kama mnavyomjibu mzazi wenu.

Habari zenu. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mmoja, Mfipa, mwalimu mstaafu. Nina mke, watoto wanne, duka la jumla Sumbawanga mjini na mashine mbili za kusaga. Vijana wa ukoo wetu wakiambiwa wajitume, mfano wanaopewa ni mimi. Ndiyo maana nimeshindwa kulisema hili kwa mtu anayenifahamu.

Nimekulia huku juu kwenye miinuko, kwenye familia ya mahindi na ulezi. Nilikuwa na ndoto mbili na sikutaka kuacha hata moja: kuwa mwalimu mkuu na kuwa mfanyabiashara. Nilipoajiriwa nilipangiwa shule ya bondeni, upande wa Ilemba. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya ushirika yanakufa, na mtu yeyote mwenye nguvu zake anaruhusiwa kununua na kuuza mazao. Nikawa nanunua mchele Muze, huko huko bondeni, naupandisha mjini, nikirudi nashusha sabuni na khanga. Siku za shule nafundisha, mwisho wa wiki niko juu ya magunia. Walimu wenzangu walinicheka, sikuwajali.

Darasa la saba nilikuwa na mwanafunzi wa kike, nimwite Kabula. Kwao ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe. Baba yake alikuwa mzee mkali, na kijiji kizima kilijua kwamba haoni faida ya binti kusoma. Lakini Kabula alikuwa anaongoza darasa. Nilienda mwenyewe nyumbani kwao mara tatu kumwombea, hadi mzee akalegea. "Haya mwalimu, afanye huo mtihani. Akifaulu tutaongea."

Mwaka huo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika majina ya watahiniwa. Siku ya mwisho ya kuyapeleka wilayani, lori la kwenda Muze lilikuwa limesimama nje ya ofisi, dereva anapiga honi. Tulikuwa na Kabula wawili. Niliandika mmoja, nikaamini nimewaandika wote. Sikurudia kusoma. Nikamkabidhi mwenzangu bahasha, nikapanda lori.

Namba za mtihani zilipokuja, Kabula hakuwa na namba. Kesho yake nilipanda mjini, na ofisi ya elimu, ambako jina lingeweza kuongezwa, niliipita mlangoni. Sikuingia. Jina langu lilikuwa limependekezwa kwa cheo, niliogopa kosa lile lisije likaandikwa kwenye faili langu. Nikaenda kupokea ufunguo wa fremu yangu ya kwanza ya duka.

Niliporudi shule, Kabula alinifuata. "Mwalimu, mbona mimi sina namba?"

Nilimjibu bila kumtazama. "Kamuulize baba yako."

Ndugu zangu, maneno matatu tu, na Kabula akaamini baba yake ndiye aliyelifutisha jina lake. Mzee aliapa mbele ya mkewe na wanawe kwamba hakumgusa mtu wala karatasi, na hakuna aliyemwamini, kwa jinsi alivyojulikana. Kabula akatorokea kwa shangazi yake Muze. Huko alianza kwa kupepeta mchele wa watu, leo ana maghala yake, na binti zake wote amewasomesha. Lakini baba yake hamsemeshi. Mama yake alipofariki alikuja kuzika, akaamkia wazee wote, baba yake akamruka.

Mimi nilipata vyote viwili nilivyovitaka. Mwaka jana nilipostaafu waliniandalia sherehe, na Kabula akapanda kutoka Muze kuja kunipa zawadi. Alisimama mbele ya wageni akasema, "Kama baba yangu angekuwa na moyo wa mwalimu huyu, leo ningekuwa mtu mwingine." Watu walipiga makofi. Mimi niliangalia sahani yangu.

Wiki mbili zilizopita kaka yake alikuja dukani. "Shikamoo mwalimu. Mzee ana hali mbaya. Anamtaka Kabula, na Kabula amekataa. Wewe anakusikiliza. Twende kwanza mzee akupe maneno yake."

Nilishuka naye Ilemba. Yule mzee niliyekuwa namwogopa amebaki mifupa. Aliomba watu watoke, akanishika mkono.

"Mwalimu, lile jina sikulifuta mimi. Miaka yote najiuliza alilifuta nani. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

Nilimwambia, "Yalikuwa mambo ya ofisi, mzee wangu. Sijui."

Akauachia mkono wangu. "Sawa mwanangu. Basi mwambie tu kwamba sikuwa mimi."

Nilirudi nikamweleza mke wangu kila kitu, kwa mara ya kwanza. Alisema nisithubutu, nitajivunjia heshima uzeeni na sitamrudishia Kabula shule yake. Nikamwambia mzee atakufa na lawama isiyo yake. Akasema, "Yeye atapumzika. Wewe utaishi nayo, umeshazoea." Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya chakula tu.

Nisiwafiche, kuna wazo jingine linanijia: nimpelekee Kabula ujumbe kwamba hakuwa baba yake, nisiseme alikuwa nani. Lakini namfahamu, ataniuliza, na mimi nimeshadanganya mara mbili, sidhani kama nina uwezo wa mara ya tatu. Nikimwambia ukweli, anaweza kunifukuza, lakini huenda akamwahi baba yake. Nikianza kwa mzee, angalau atakufa akijua, ila binti anaweza kuchelewa.

Leo asubuhi kaka yake amepiga simu, mzee hanywi tena hata uji. Jambo hili siwezi kulisema kwa simu. Kesho asubuhi kuna gari la Muze na gari la Ilemba, yote yanaondoka saa moja. Nishaurini ndugu zangu, nipande lipi?